Fundi na Bolti ya Kumi

Fundi alikuwa ananawa mikono kabla ya kazi, si baada ya kazi. Kila aliyepita mbele ya banda lake pale Malindi, mtaa wa bandarini hapa kisiwani kwetu, alimwona: kopo la maji, kipande cha sabuni ya kufulia, ananawa mpaka kwenye viwiko kama anayetaka kutawadha, ndipo anashika chuma kilichojaa grisi. Akimaliza anajifuta kwa kitambaa, basi, anakwenda zake nyumbani na weusi wake.

Nikamwuliza siku moja, "Shikamoo Fundi. Mbona wewe unafanya kinyume na watu?"

"Marahaba, Bi Kidawa. Uchafu wa mkono ukiingia kwenye meno ya bolti, bolti haikazi. Uchafu wa bolti ukiingia mkononi mwangu unanidhuru nini?"

Jina lake nalijua. La mkewe nalijua pia, Bi Rukia, na ya majirani zake wote wa mtaa ule nayajua, mmoja mmoja, waliokufa na waliohama. Skuli sikufika mbali, lakini majina hayajanitoka. Yeye silitaji jina lake kwa sababu halikuwa na kazi. Hata Bi Rukia akimwita Fundi, akimtuma ukindu wa kusukia mikeka akimwita Fundi, akimgombeza akimwita Fundi. Nami nikimkumbuka mpaka leo naudhika kwanza, halafu ndiyo nakumbuka mengine.

Alikuwa mtu wa kweli kwenye chuma na mwongo kwenye siku. Ukimwuliza urefu wa kitu, anakwambia bila kupima, ukipima unakuta ndivyo. Ukimwuliza lini, anakwambia kesho inshallah, na kesho yake haikuwa ile tuijuayo sisi. Nilimsikia akimwambia mtu mmoja kesho mara nne, na mara zote nne alikuwa na uso wa mtu anayesema kweli.

Sisi alitwambia siku tatu.

Mambo yalikuwa hivi. Mume wangu Makame alikuwa na pikapu ya Kiingereza, nzee, rangi ya majani, akibebea watu mizigo. Ilikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya Mapinduzi. Mamangu, Bi Mize, alikuwa kwao Mtende, kusini kabisa, ambako ardhi ni jiwe tupu, na njia ya kuingilia kijijini siku hizo ilikuwa ni hayo hayo mawe, yamechongoka. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwanangu wa mwisho, Kazija, alikuwa na miezi saba na bibi yake hajawahi kumwona uso. Nikimpeleka anampapasa tu, paji, pua, masikio, anasema, "Huyu wa nani jamani? Kafanana na nani?" Na mimi siwezi kumjibu vizuri, maana uso hausimuliwi.

Basi akaja hospitali daktari wa macho, mgeni, kwa muda. Tukaambiwa anafungua jicho moja, wanangoja siku kumi lipoe, ndipo anafungua la pili. Na yeye alikuwa amebakiwa na wiki tano kabla ya kurudi kwao.

Makame akaenda kumchukua Mama. Hakufika. Kuna mahali kabla ya kijiji pana jiwe wanaliita Jiwe la Mbuzi, limetokeza katikati ya njia, huna pa kulikwepa. Gari ilipanda, ikateleza, ikakaa juu ya jiwe kwa ubavu. Bati la chini ya mlango likaingia ndani, mlango ukagoma kufunguka, bomba la petroli linalopita pembeni ya chesisi, mifupa ya gari, likapasuka. Ilivutwa mpaka mjini na lori la nazi.

Watu wa Mtende wakasema, tutambeba Mama kitandani mpaka barabara kubwa, gari imngoje huko. Mama akakataa. Alisema, "Anayebebwa kitandani hapelekwi kwa daktari, anapelekwa kaburini. Mimi mzima. Anayetaka kunibeba kitandani aje na sanda kabisa." Kwa miguu hawezi, nyonga ilikuwa inamuuma na haoni. Gari la ng'ombe lilishamtikisa mara moja akaapa halipandi tena. Ilibaki pikapu, na pikapu ilishashindwa na Jiwe la Mbuzi.

Ndipo Makame akasikia kuwa kuna fundi Malindi anafunga vyuma vya ubavuni. Mabomba mawili manene, moja kila upande, yanapita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, yanashikwa na mikono ya chuma kwenye chesisi. Gari ikikaa juu ya jiwe haikai kwa bati wala kwa bomba la petroli, inakaa kwa chuma, inateleza, inapita.

"Siku tatu," Fundi akasema.

Nikahesabu kwa vidole. Siku tatu, na moja ya kwenda Mtende. Macho yote mawili tunayapata, na siku zinabaki.

Siku mbili za mwanzo alizimalizia chini ya gari akitafuta matundu. Hakutaka kutoboa chesisi. Alisema waliotengeneza gari waliacha matundu yao wenyewe, na kila tundu wameliacha kwa sababu, na yeye kazi yake ni kuyatafuta yale yatakayofaa, si kuongeza ya kwake. Akilipata moja, anakata kigezo kwa boksi la majani ya chai, anakipachika, anakitoa, anakipunguza kidogo kwa wembe, anakirudisha. Miguu tu ndiyo inaonekana. Makame akija jioni anazungumza na miguu.

Kulikuwa na kijana mmoja, Vuai, mwenye mashine ya kuchomea kwa umeme kule Saateni. Vuai alimwambia Makame, "Niletee asubuhi, adhuhuri ichukue." Nikamwambia Makame mpelekee Vuai. Makame akamwambia Fundi.

Fundi akatoka chini ya gari kwanza. Hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa. Akasema, "Mpelekee, Bwana Makame, sikuzuii. Lakini chesisi ukiitia moto inalegea pale pale ulipochoma. Leo inakaa, kesho inakaa, siku moja inakatika. Na bomba likipinda juu ya jiwe, la Vuai utalikata kwa msumeno. La kwangu utalifungua kwa spana, ulinyooshe, ulirudishe."

"Mimi nataka safari moja tu," nikasema.

"Gari haijui kama ni safari moja."

Makame akamwachia. Wanaume wakisikia maneno ya chuma wanakuwa watoto.

Watu wanamkumbuka kwa ule upole wake kwa wanawake, na ni kweli alikuwa mpole. Alikuwa hainui sauti. Alimpa Bi Salma, muuza mandazi wa jirani, mwavuli wake mzima siku ya mvua, akatembea mwenyewe akirowa. Alipofiwa jirani ambaye hakuwa hata ndugu yake, alifunga banda siku tatu, na pikapu yetu imeinuliwa juu ya magogo humo ndani, magurudumu yananing'inia kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Nikaenda kumpa pole ya msiba, nikiwa nataka kumpiga.

Halafu ikaja siku ya kukalisha watu. Fundi alikuwa haamini kipimo cha gari tupu. Alisema gari tupu inasimama kwa kiburi, ikibeba watu inainama, na chuma kikifungwa kwa kipimo cha kiburi kitagusa pasipotakiwa. Kwa hiyo kila aliyekuwa asafiri akatakiwa aje akae. Makame kwenye usukani. Mimi nyuma na Kazija. Tulikuwa tumpakie na ndugu yangu Mcha wa kumwinua Mama, naye akaitwa kazini kwake akaja akakaa. Bi Salma tulimpandisha badala ya shangazi yangu wa Mtende aliyekuwa aje na Mama, maana walilingana unene, akakaa na sinia lake la mandazi akiuza kutokea juu.

"Na Mama?" Fundi akauliza. "Uzito wake?"

"Niujue vipi uzito wake? Mimi mwanawe, si mizani."

"Mfano wa nini?"

Nikafikiri. "Mfano wa gunia la chumvi. Si lililojaa."

Akaleta gunia la chumvi, akapunguza, akaliweka kwenye kiti cha mbele karibu na Makame, akalifunga kamba lisianguke. Tangu hapo likawa ndilo Mama. "Mama asisogezwe." "Nani kamwegemea Mama?" Gunia lile lilikaa kwenye kiti siku tisa. Nikija nalikuta limekaa limetazama mbele, na mamangu wa kweli yuko Mtende anangoja kusikia ngurumo ya gari.

Bi Salma alikuwa akimtania. "Fundi, huyo daktari atazeeka hapa hapa tumzike Mwanakwerekwe."

"Inshallah tutamwahi," anasema Fundi kutoka chini.

"Kumzika?"

Watu wanacheka. Mimi sikucheka.

Lakini kilichotuua hasa zilikuwa bolti. Zilitakiwa kumi, tano kila upande, nene, za saizi ya gari ya Kiingereza. Miaka hiyo vitu vya kutoka kule vilikuwa haviji tena kama mwanzo, vinakuja vya nchi nyingine zenye vipimo vyao. Makame alikwenda Darajani sokoni akarudi na bolti kumi zinang'ara, mpya, zimepakwa mafuta. Nilifurahi nikampa Kazija moja achezee. Fundi akanawa mikono. Akachukua moja, akaijaribu kwenye nati ya zamani. Ikaingia mizunguko miwili, ikakwama. Akaitoa, akaifuta, akamrejeshea Makame.

"Inafanana. Si yake. Meno yake ni mengine."

"Kaza kwa spana itaingia tu," Makame akasema.

"Itaingia. Itakula meno ya mwenzake, itaonekana imekaza, na haikukaza. Sina saizi yake, Bwana Makame. Ntaitafuta."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, sina saizi yake. Akaanza kuzitafuta moja moja. Mbili alizitoa kwenye lori bovu kule Bububu, akaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ndiyo, fundi wa magari yule alikuwa hapandi gari. Ilikuwa inamtapisha, au alikuwa anaogopa, hakuwahi kusema. Nafikiri aliyajua mno yaliyo chini yake. Tatu alipewa bandarini na mtu wa meli. Nne sijui alizipata wapi, alirudi nazo kwenye kitambaa kama mtu aliyenunua dhahabu. Zikawa tisa.

Mwisho wa wiki ya tatu nikaambiwa vyuma vimefungwa. Nikaenda na Kazija kiunoni, nimevaa buibui la safari kabisa. Nikakuta mabomba yote mawili yako chini, juu ya gunia tupu.

"Yamefungwa, yamefunguliwa," akasema Bi Salma kabla sijauliza.

"Fundi!"

"Naam, Bi Kidawa."

"Nini hiki?"

Akatoka. Akanionyesha kwa kidole upande wa kushoto, wa kiti cha Mama. "Upande huu ulikuwa umeshuka kuliko ule."

"Umeshuka kiasi gani?"

"Ukucha."

Nilimweka mtoto chini, kwenye vumbi la chuma. Nikamwambia, "Ukucha! Mamangu haoni ukucha, Fundi! Mamangu haoni hata mkono!"

 Bi Salma akageuza uso. Fundi alinitazama, si kwa ubaya, akamwokota Kazija, akampangusa magoti, akanirudishia.

"Jiwe linaona," akasema.

Akarudi chini ya gari.

Bolti ya kumi haikupatikana. Aliingoja siku nne zaidi, na siku hizo nne ndizo nilizokuwa nakwenda kila asubuhi, nakaa juu ya pipa mbele yake bila kusema neno, nimwudhi. Hakuudhika. Mwishowe Makame alimwambia, "Fundi, naondoka na tisa au naondoka bila vyuma." Akakubali kwa shida, kama mtu anayetoa mtoto kwa mkwe asiyempenda. Akazikaza zote tisa kwa vidole kwanza, akasema bismillahi kwa kila moja, ndipo akaingiza spana. Tundu la kumi, la nyuma upande wa kushoto, akalipaka grisi lisile kutu.

"Hii moja ntaileta," akasema.

Sikumwambia ahsante. Mpaka leo najua kuwa sikumwambia.

Kule Jiwe la Mbuzi gari ilipanda, ikalala ubavuni, ikakaa juu ya bomba. Nikafumba macho. Kikatoka kilio kirefu cha chuma na jiwe, gari ikateleza kama mtu anayeshuka kitandani, ikafika chini. Milango yote inafunguka. Petroli haikutoka hata tone. Tuliporudi na Mama tukapita pale pale, safari hii amekaa kwenye kiti cha gunia, na kile kilio kikatoka tena.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

"Chuma cha Fundi, Mama."

"Kinalia kama ng'ombe."

"Kilie tu, Mama."

Hospitali tulifika zikiwa zimebaki siku sita daktari aondoke. Akamtazama, akasema kwa mkalimani, "Mmechelewa. Jicho moja nitalifanya. La pili sitaliwahi." Akachagua la kulia, lililokuwa na tamaa zaidi.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilimweka Kazija mapajani pake. Mama akamtazama muda mrefu, kichwa amekigeuza upande kama kuku. Akasema, "Kumbe ndiye huyu. Mbona pua ya Makame? Wote walinificha." Tulicheka tukalia, wauguzi nao. Halafu akaniuliza, "Na hili jingine lini?"

Nikamwambia akija daktari mwingine. Alikuja, baada ya miaka mingi, akasema jicho lile lilishakufa.

Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi nikiosha vyombo. Angekuwa Vuai, tungepata macho mawili. Gari ya Ussi, mwenye lile lori la nazi, ilichomelewa vyuma na Vuai mwaka ule ule, ikaenda Mtende na kurudi miaka miwili. Mwaka wa tatu chesisi yake ikakatika, pale pale palipochomwa, kama alivyosema Fundi. Bi Salma alinijia mbio na habari hiyo kama ananiletea zawadi. Nikamwambia, "Miaka miwili, Salma. Mimi nilikuwa nataka siku moja." Halafu nasema, na kama ingekatika siku ile ile, na Mama ndani? Hapo hesabu inanikatikia nayo, naanza upya.

Malindi nilikuwa sipiti tena. Nikiwa na shughuli bandarini nazunguka.

Ilikuwa siku ya Idi, Kazija ameshaanza skuli. Mama alikuwa anakaa nasi Kikwajuni, amekaa barazani na kanga mpya, pikapu imesimama mbele ya nyumba. Nikamwona mtu anakuja kwa miguu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, amekonda. Nikamtambua kwa mwendo, akitembea anatazama chini ya kila gari anayoipita.

"Shikamoo, Fundi. Idi njema."

"Marahaba, Bi Kidawa. Nipatie maji ninawe."

Nikajua anataka kula. Nikamletea maji na sabuni, nikaingia ndani kuchukua sinia la haluwa na kahawa. Nikatoka, mtu hayupo. Iko miguu tu, viatu vimewekwa pembeni, kanzu nyeupe ya Idi iko kwenye mchanga chini ya gari, upande wa kushoto, nyuma.

"Bismillahi," nikasikia.

Mama akasema, "Kidawa, nani huyo kaingia chini?"

"Fundi, Mama. Wa vyuma."

"Anafanya nini?"

"Anatia bolti."

"Ngapi?"

"Moja."

 Spana ikalia kidogo kidogo, ikanyamaza. Akatoka, kanzu imekuwa nyeusi kifuani na mgongoni ina mchanga, kitambaa kitupu mkononi. Akamwamkia Mama, naye akamwambia, "Njoo huku kulia nikuone." Akazunguka, akachutama mbele ya jicho lake. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe mfupi," Mama akasema.

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Kaa ule haluwa."

Mimi nilikuwa bado nimeshika sinia. Sikukusudia, lakini lilinitoka, mbele ya Mama, siku ya Idi. "Fundi, bolti umeileta. Na jicho je?"

 Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye kile kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka nikatamani nisingesema.

"Jicho sina saizi yake, Bi Kidawa."

Alikula kipande kimoja cha haluwa kwa ile mikono, akanywa kahawa, akaondoka kwa miguu. Sikumwona tena.

Alipopinda kona nikaweka sinia chini, nikajifunga kanga, nikainama nyuma ya gari upande wa kushoto. Bolti tano, zote zimekaa mstari mmoja. Nikaishika ile mpya kwa vidole, nikajaribu kuizungusha kwa nguvu zangu zote na hasira zangu zote. Haikusogea hata ukucha.